Kwenye Mchoro Wako, Mtu Anasimama Wapi?

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kyela na mchoro wa projekti yangu ya mwaka wa mwisho ukiwa umekunjwa ndani ya begi. Jioni, vyombo vilipoondolewa, niliutandaza mezani ili familia ione ada yao imefanya kazi gani. Paneli 180, kila moja ya wati 550, jumla kilowati 99. Zote zinaelea juu ya maboya ya plastiki, kwenye maji yaliyotulia karibu na mdomo wa mto, zikiendesha mashine ya barafu na chumba cha baridi cha samaki. Nyaya nilizipanga, inveta nilichagua, nanga nilizipigia hesabu. Hata kivuli cha milima ya Livingstone kinachochelewesha jua asubuhi nilikuwa nimekitoa kwenye mahesabu. Nilijiona mhandisi kamili.

Baba mdogo aliuangalia kwa muda mrefu bila kusema neno. Yeye ni mvuvi, aliishia darasa la saba, na ziwa analifahamu kuliko mimi ninavyofahamu simu yangu. Mwisho akaweka kidole katikati ya mchoro.

"Mwanangu, hapa mtu anasimama wapi?"

Nikamwambia mafundi watafika kwa boti.

"Boti itafika hizi za pembeni. Hii ya katikati ikiharibika?"

Nikanyamaza. Akaendelea, "Na hapo mdomoni mwa mto, mamba umeshawaambia?"

Mezani wote walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua kwa nini yeye, kati ya watu wote, ndiye aliyeuliza swali lile.

Turudi nyuma kidogo. Nilipomaliza mwaka wa pili nilienda fildi na kikundi kidogo cha mafundi wa sola. Kazi ilikuwa kupeleka paneli 12 na betri zake katika kijiji kimoja chini ya milima, mashariki mwa Matema, ambako gari halifiki. Mnaofahamu ufukwe ule mnajua: milima imeingia hadi majini, njia ni mguu au mtumbwi. Walihitajika vibarua wanne, nami kwa furaha nikampigia simu baba mdogo. Nilidhani namtafutia hela ya haraka.

Ilikuwa Julai, majira ya mwera. Tulichelewa kuondoka kwa sababu betri zilichelewa, tukafika kijijini karibu saa sita mchana, upepo ukiwa umeshika kasi. Gati hakuna. Mashua inasimama maji yakiwa kiunoni, mtu anashuka, anapokea mzigo kutoka ukingoni mwa mashua na kuupeleka nchi kavu. Baba mdogo alikuwa majini, mikono mbele, anapokea paneli. Wimbi likainyanyua mashua, upepo ukaipiga paneli bapa, ikageuka kama tanga. Alikuwa na nafasi ya kuiachia. Mimi ndiye niliyepiga kelele: "Usiiachie, baba mdogo, hiyo ni hela nyingi!"

Hakuiachia. Alijipinda nayo, akasikia kitu kimelia mgongoni, akaifikisha mchangani akiwa amepiga magoti. Paneli haikupata hata mkwaruzo. Ile jioni alilipwa kutwa yake kama wengine. Wiki mbili baadaye alikuwa hawezi kuinama kuvuta wavu. Hospitali walisema ni pingili za mgongo, wakampa dawa na kumwambia asibebe vitu vizito. Mwambie mvuvi asibebe vitu vizito, uone atakavyokutazama. Leo mtumbwi wake unaendeshwa na kijana mwingine, wanagawana kinachopatikana.

Sisimulii haya ili mnionee huruma au mumlaumu fundi fulani. Nasimulia kwa sababu mwaka huu, katika idara yetu peke yake, nimewasikia wenzangu kadhaa wakizungumzia projekti za sola inayoelea. Ni wazo zuri, nami nalipenda bado. Ila katika michoro yote niliyoonyeshwa, pamoja na wangu, sijaona mtu. Kuna paneli, nyaya, nanga, samaki wa kuchora pembeni kwa urembo. Mtu hayupo.

Niseme kwanza kwa nini wazo ni zuri, isionekane napinga maendeleo. Kyela ni tambarare ya mpunga na kakao, mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mito inapofurika Machi hadi Mei unajua ardhi kavu ni mali ya thamani gani. Kufunika shamba la mpunga kwa paneli ni kuchukua chakula cha mtu. Juu ya maji hunyang'anyi shamba la yeyote, na paneli zikipoozwa na hewa ya majini huzalisha umeme kidogo zaidi kuliko zile zinazookwa juu ya bati. Dunia imeshaanza. Mtambo wa kwanza wa majaribio ulielea Aichi, Japani, mwaka 2007, ukiwa na kilowati 20 tu. Novemba 2023 Indonesia ilizindua mtambo wa megawati 192 kwenye bwawa la Cirata. Ghana wanao kwenye bwawa la Bui. Na sisi hapa mpakani na Malawi kuna mpango wa bwawa la Songwe ya Chini, la megawati 180 za umeme wa maji, chini ya kamisheni ya nchi mbili yenye makao yake hapohapo Kyela. Bwawa kama hilo likijengwa, mtu atakuja tu na wazo la kuelea paneli juu yake. Huenda mtu huyo akawa mmoja wenu mnaosoma hapa.

Sasa tuongee habari ya mwili. Kuna taaluma inaitwa egonomia: kuipanga kazi ifuate mwili wa binadamu, badala ya kuukunja mwili ufuate kazi. Wengi tunadhani ni mambo ya viti vya ofisini. Hapana. Hebu tuchukue paneli ile ya wati 550. Ina urefu wa mita 2.3 hivi na upana wa mita 1.1, uzito wake ni kati ya kilo 27 na 32. Kwa kijana wa Kyela anayebeba gunia la mchele, kilo 28 ni mchezo, si ndiyo?

Si mchezo. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wana kanuni ya kunyanyua mizigo inayotumika duniani kote. Inaanzia kilo 23, nazo ni kwa mazingira bora kabisa: mzigo uko karibu na tumbo, uko usawa wa kiuno, hujajipinda, unashikika vizuri. Kila unapoharibu sharti moja, kiwango kinashuka. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele yako badala ya 25, kiwango kinakatwa nusu, unabaki na kilo 11 na nusu. Paneli ni pana, na mtu anayeipokea kutoka kwenye mashua lazima anyooshe mikono. Kwa hiyo baba mdogo alibeba zaidi ya mara mbili ya kiwango hata kabla ya kujipinda. Na kanuni yenyewe inachukulia kwamba umesimama mahali pakavu pasipoteleza. Juu ya boya linaloyumba, au kwenye mchanga uliomo chini ya mawimbi, kanuni haikuahidi chochote.

Ongeza upepo. Eneo la paneli hiyo ni kama mita za mraba 2.6. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiipiga bapa, unaisukuma kwa nguvu isiyopungua niutoni 150, sawa na uzito wa kilo 15, tena kwa ghafla. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na mwera unavuma kutoka kusini. Sisi wa Kyela na Matema tuko mwisho wa uwanja huo. Mawimbi yanapata nafasi ya kukua njia nzima, halafu yanatufikia sisi. Kwa hiyo mchoro uliopakuliwa kutoka kwenye bwawa tulivu la nchi nyingine huwezi kuuweka Matema na kubadilisha jina tu.

Na hata hayo mabwawa tulivu yana siku zake. Septemba 2019 kimbunga kilipiga mtambo unaoelea wa Yamakura, jimbo la Chiba, Japani, wa megawati 13.7. Upepo uling'oa maboya, ukazikunja paneli moja juu ya nyingine kama mikeka, kisha zikawaka moto juu ya maji. Tujiulize: jua likiwa linawaka, nani anazima paneli? Hakuna. Hilo ndilo jambo ambalo fundi wa umeme wa kawaida husahau. Umeme wa gridi unakata swichi, umemaliza. Paneli, maadamu inaona mwanga, ina volti. Ukiziunga kwa mfululizo unafika volti 1,000, mitambo mingine 1,500, tena umeme wa mkondo mnyoofu, ambao cheche yake ikianza haikatiki kirahisi. Inaendelea kuwaka kama ya mashine ya kuchomelea. Mweke fundi mwenye jasho, aliyelowa, amepiga magoti juu ya plastiki inayoteleza kwa sababu ya kinyesi cha ndege, jua linampiga kutoka juu na kumrudia kutoka majini, na kiunoni amefunga mkanda wenye nyundo na spana. Akianguka majini, ule mkanda ndio nanga yake.

Hapo ndipo husikia jibu ambalo nimelichoka: "Watu wa ziwani wanajua kuogelea." Jamani. Kuogelea ni ufundi wa mtu aliye mzima, mwenye nguvu, asiyejigonga kichwa. Aliyepigwa na umeme haogelei, wala aliyetegua mgongo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Msiniambie wote hao hawakujua kupiga mbizi. Novemba 2022, ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, watu 19 walikufa na 24 wakaokolewa, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Tuliwasifu, na walistahili. Ila tujifunze na upande wa pili: tumezoea kwamba uokoaji ni wema wa mtu aliye karibu, si kitu kinachopangwa kabla kazi haijaanza.

Mtaniambia sheria ipo. Ndiyo, ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, apime hatari zilizopo, atoe vifaa kinga, na OSHA wana mamlaka ya kukagua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kumlipa anayeumia kazini. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama ya kazi kuwa miongoni mwa haki za msingi kabisa za mfanyakazi, safu moja na kutotumikishwa kwa nguvu. Karatasi tunazo. Lakini jina la baba mdogo siku ile lilikuwa limeandikwa sehemu moja tu, kwenye daftari la malipo ya kutwa, tena kwa kalamu ya risasi. Mtu wa namna hiyo anafungua dai kwa karatasi gani? Mkaguzi atamkuta wapi, wakati mahali pake pa kazi palikuwa maji ya kiunoni kwa saa tatu?

Ndiyo maana naamini ulinzi wa huyu mtu lazima uanzie mapema kuliko mkaguzi, uanzie kwenye mchoro. Mkaguzi akifika, upana wa njia umeshaamuliwa, urefu wa meza umeshaamuliwa, uzito wa kila kipande umeshaamuliwa. Nani aliamua? Mhandisi. Alipoamua alikuwa bado hajaitwa mhandisi, alikuwa anaitwa mwanafunzi.

Tumezoea vibaya nchi hii. Chukua lumbesa. Kila mwaka tunapigia kelele gunia lililojazwa likavimba juu, na hoja yetu siku zote ni kwamba mkulima anapunjwa. Ni kweli anapunjwa. Lakini ni mara ngapi umesikia mtu akiutaja mgongo wa kuli anayelipandisha lile gunia kwenye lori? Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani tangu mwaka 1967 ni kwamba mwanamume mtu mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Sisi kilo 100 tunaita gunia, na likizidi ndipo tunaita lumbesa. Macho yetu yamezoea kuona mzigo bila kumwona aliye chini yake, na macho hayohayo ndiyo tunayoyapeleka kwenye karatasi ya kuchorea.

Kuna wenzangu wawili niliowashirikisha hoja hii wakanijibu kwamba nchi maskini haina anasa ya kuanza na usalama. Tuwashe taa kwanza, mengine yatafuata. Nawaheshimu, ila hesabu zao hazikai. Jaketi okozi moja halifikii bei ya paneli moja. Meza ya mbao ya usawa wa kiuno ufukweni, ili mafundi wafunge paneli kwenye maboya wamesimama badala ya kuchuchumaa siku nzima, ni kazi ya seremala wa Ipinda ya siku mbili. Kushusha mzigo saa moja asubuhi kabla mwera haujaamka hakugharimu hata senti. Kunahitaji tu mtu wa kusema "leo tumechelewa, tunalala hapa, tutashusha kesho". Siku ile hakuna aliyesema. Mimi nilikuwa na elimu ya kutosha kusema, nikasema lile jingine.

Basi nilirudi kwenye mchoro wangu. Nimeongeza njia ya kupita kati ya kila safu mbili, pana ya kutosha watu wawili kupishana wakiwa na paneli mkononi, na kamba ya kujishikia pembeni. Nimehamisha mtambo mbali na mdomo wa mto, mamba wameshinda. Viungio vya nyaya nimevileta kwenye ukingo wa njia, ili fundi avifikie bila kulala kifudifudi juu ya paneli, na mfululizo nimeufupisha ili volti zipungue. Nimeandika utaratibu wa kazi: hakuna mtu peke yake majini, boti ya uokoaji inakaa na dereva ndani yake, vipimo vya uvujaji wa umeme vinafanyika kabla mguu haujagusa boya, na upepo ukifika kiwango fulani watu wote wanatoka. Kwa kufanya hayo nimepoteza paneli 24. Kutoka kilowati 99 nimebaki na 85.8. Msimamizi wangu aliponiuliza kwa nini mtambo umepungua, nilimjibu kwamba ule wa mwanzo haukuwa na uwezo wa kilowati 99. Ulikuwa unazikopa mgongoni mwa mtu.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa jumuiya yetu. La kwanza ni kwa serikali ya wanafunzi. Tunapopeleka watu fildi, tunapigania posho, na ni sawa, njaa haina subira. Tupiganie pia kwamba mwanafunzi hapandi mashua, paa wala nguzo bila kifaa kinga, na kwamba kuna mtu aliyeandikwa jina anayewajibika akiumia. La pili ni kwa idara: projekti yoyote ya kujenga kitu iwe na ukurasa mmoja unaoeleza nani atakijenga, atasimama wapi, atabeba kilo ngapi, na akianguka nani atamfikia. Ukurasa mmoja tu, na uwe na alama zake, maana tunajuana, kisicho na alama hatukifanyi. La tatu ni kwenu mnaochora: kabla hujauchapa mchoro, upeleke kwa mtu anayeishi na hayo maji. Mvuvi wa usipa anayekesha na taa ziwani atakuambia upepo unageuka saa ngapi, kitu ambacho programu yako ya kompyuta haijui.

Baba mdogo nimemwonyesha mchoro mpya kwa simu, mwanawe akimshikia. Aliuliza zile njia zina upana gani, nikamwambia. Akauliza kama kuna mahali pa kukaa kivulini, nikagundua sijaweka. Nimeweka jana.

Uwasilishaji wa projekti unaanza mwezi ujao na ukumbi uko wazi kwa kila mwanafunzi. Nitakuwa nimekaa viti vya nyuma. Mtakapofika kwenye mchoro wa sola inayoelea, mkono wangu utakuwa juu, na swali nitakalouliza mmeshalijua.